Jina la Mamake

Kilburn, London
12 Machi 1999

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonitafuna, na Home Office, wale wa uhamiaji, bado wameiatamia pasi yangu kama kuku. Mwaka wa tatu huu. Wakili anasema nisithubutu kutoka, nikitoka sirudi.

Kaa kitako kwanza ndipo uendelee kusoma. Umekaa? Nimeposwa.

Najua umeshapiga ukelele na Bi Hayat wa nyumba ya pili ameshachungulia dirishani. Mwambie arudi jikoni kwake. Ni kweli, mama. Mimi Zahra wako, miaka thelathini na minane, niliyeachwa kwa kipande cha karatasi, nimeposwa, na aliyeniposa ni Mwingereza. Usiitupe barua! Amesilimu, na hakusilimu kwa ajili yangu. Alisilimu miaka minne kabla hajaniona, akajiita Hassan. Kiswahili pia anasoma, jioni, kwa mwalimu. Akitaka chumvi husema, "Je, unaweza kunipatia chumvi tafadhali?" na chakula kinapoa.

Nimemjua kazini. Mamake ni mmoja wa vizee ninaowaogesha na kuwalisha katika ile nyumba ya wazee. Majina ya wagonjwa tumekatazwa kuyatoa nje, ndiyo maana sijawahi kukutajia. Ni yule kibibi niliyekuandikia kuwa akili imemhama, na kila nikimwimbia ule wimbo wako wa kunilaza hulia, akanishika mkono haniachii. Mwanawe huja kila Jumapili, akawa ananikuta naimba.

Limebaki moja, na hili lilinishtua mimi mwenyewe. Ni lodi. Lodi wa kweli, wa kurithi, si jina la utani. Sikujua mpaka siku aliponiposa, maana huja kwa basi na koti lake limetoboka kiwiko.

Nasubiri neno lako. Pasipo radhi yako sitii mguu.

Mwanao,
Zahra


Kikwajuni, Unguja
6 Aprili 1999

Zahra mwanangu,

Marahaba mara mia. Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu kama nilivyofunzwa chuoni, kwa hivyo huyo lodi wako hata akiiba barua hataambulia kitu.

Lodi! Nimekaa kitako, nikainuka, nikakaa tena. Mimi niliyefua nepi za Wazungu Mazizini, leo mwanangu anaposwa na lodi? Hayat anauliza kama utavaa taji. Nimemwambia utavaa taji na aproni. Ami yako Vuai kasema wale walitutawala bila ya kutuposa, huyu angalau kabisha hodi.

Sasa nisikilize. Nataka mambo mawili. La kwanza, ni wa ukoo gani? Mimi nimefanya kazi nyumba moja tu ya Wazungu, na niliyoyaona humo ni yangu, usiniulize. Nataka tu nijue si watu wale. La pili, nipe jina la mamake. Unajua kwetu mtu akiombewa dua huitwa kwa mamake, kwani mwana wa baba twaambiwa, wa mama tumeona. Nataka mwalimu awasomee nyote wawili, Zahra wa Suad, na Hassan wa huyo mamake.

Kula vizuri. Kwenye picha uliyoniletea umebaki shingo.

Mamako,
Suad


Kilburn
29 Aprili 1999

Mama,

Barua yako nimeisoma ndani ya basi, nikacheka peke yangu mpaka watu wakasogea mbali nami.

Ukoo wake ni Tarnmere. Lodi Tarnmere, wa saba. Hutia saini neno hilo moja tu, hata kwenye kadi ya maktaba, maana malodi hawaandiki jina la kwanza. Mimi namwita Hassan, basi.

Cheo hakikuwa cha babake. Babake alikuwa mdogo mtu, akafa mapema bila ya kuwa chochote. Kilikuwa cha ami yake, na ami alipokufa mwaka 1994 bila ya mtoto wa kiume kikamwangukia yeye. Binti harithi. Mtoto wa kulea harithi. Mtoto aliyezaliwa siku moja kabla wazee wake hawajaoana, harithi. Nikamwambia, mbona nyinyi mna masharti kutushinda sisi? Akanijibu, "Sisi tunahesabu damu na cheti cha ndoa. Hakuna kingine." Yeye ndiye wa mwisho, na akifa bila ya mwana cheo kinazimika kama kibatari. Yaani mimi ndiye niliyeagizwa mafuta, kwa umri huu! Nilicheka mpaka nikauona uso wake.

Na serikali yao imeshapeleka mswada wa kuwatoa malodi wa kurithi katika Baraza lao la bungeni. Bahati ya Zahra hiyo, kufika karamuni watu wanakunja majamvi.

Nampenda, mama. Sikuwahi kukuandikia neno hilo. Hunisubiri mlangoni mpaka nimalize shifti, na hanigusi hata ncha ya kidole. Hunisalimu mkono wake uko kifuani.

Zahra


Kikwajuni
30 Mei 1999

Zahra,

Tarnmere simjui. Alhamdulillahi! Watu wangu wa Mazizini hawakuwa malodi, walikuwa Bwana na Bibi tu kama Wazungu wengine. Nilikuwa na donge kooni mwezi mzima, leo limeshuka. Usiniulize donge gani.

Basi radhi unayo, ya moyoni na ya maandishi. Ami yako Vuai amemwandikia Sheikh Msabaha wa huko London na kumpa uwakala wa kukuozesha. Nakuletea doti mbili za kanga, udi, na halua, na halua usimpe lodi yote.

Lakini jina la mamake umelisahau. Mwalimu ananiuliza kila Alhamisi. Hassan wa nani?

Mamako


Kilburn
25 Julai 1999

Mama,

Sheikh Msabaha ametupangia Ijumaa tarehe 27 Agosti, baada ya swala. Wenzangu wa kazini wanapika pilau. Nguo nimenunua Southall kwa Mhindi mzaliwa wa Nairobi, amenipunguzia bei kwa kunisikia nikihesabu kwa Kiswahili.

Jina la mamake hili hapa, usininung'unikie tena. Sasa ni mkwe wangu, si mgonjwa, nina haki ya kumtaja. Cecily. Cecily Pennick. Nilimuuliza Hassan vipi mama awe Pennick na yeye awe Tarnmere, akaniona mshamba. Kumbe Pennick ndilo jina la ukoo, na Tarnmere ni jina la cheo tu, la shamba lililouzwa zamani. Ati wengi wao wana majina mawili hivyo! Kwa hivyo alipozaliwa aliitwa Edmund Pennick, akarithi akawa Tarnmere, akasilimu akawa Hassan. Mtu mmoja majina matatu, mwambie mwalimu achague.

Na lile nililokuficha, nikitaka kukushangaza siku ya harusi, nimeshindwa kulibana. Kazaliwa Unguja! Mwaka 1961, mwaka wangu mimi. Babake alikuwa mkubwa wa barabara, wakikaa huko huko Mazizini. Pengine ulipishana naye akisukumwa kwenye kigari chake!

Zahra


Kilburn
23 Agosti 1999

Mama,

Miaka mitatu hujanipigia simu hata nilipolazwa. Jana umepiga. Umesema, "Usiolewe, subiri barua." Nimekuuliza kwa nini, nikawasikia tu nyuma yako watu wa dukani wanabishania bei ya sukari. Halafu ukakata.

Nimekesha nikijiuliza. Ni kwa kuwa Mzungu? Ulijua tangu Machi kuwa Mzungu. Ni kwa kuwa ulifua nepi za watu hao hao? Basi ndiyo vizuri! Wewe umeingia kwao kwa mlango wa nyuma, mwanao ataingia kwa wa mbele. Au Bi Hayat na wenzake wamekuchochea, kuwa Zahra kaenda Ulaya kujiuza kwa vyeo?

Nina miaka thelathini na minane. Ijumaa naolewa. Radhi ulishanipa kwa mkono wako, na karatasi ninayo.

Zahra


Kikwajuni
15 Agosti 1999
Kwa mkono wa abiria anayepitia Maskati

Zahra,

Sikuanza kwa salamu, utanisamehe. Barua hii nampa abiria kwa kuwa ya posta itachelewa. Nitajaribu na simu, lakini simu iko dukani, na maneno haya hayasemwi dukani.

Cecily Pennick ni bibi yangu wa Mazizini. Edmund ni mtoto niliyemlea. Na si kumlea tu.

Nilikuwa nimetoka arubaini yako, nimerudi kazini nawe mgongoni. Bibi alizaa akashikwa na homa, maziwa yakakatika. Mtoto akapewa ya kopo, akayatapika yote, akabaki macho. Daktari alisema hatafika Jumamosi. Bwana alikuwa safarini Pemba. Bibi akaniita chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti. Zahra, Mzungu alinipigia magoti! Akaniwekea mwanawe kifuani. Nikampa ziwa. Wewe kulia, yeye kushoto, miezi minne.

Bwana aliporudi alimkuta mtoto kanona, akalisifu kopo. Bibi akanilisha kiapo nisiseme. Alisema ukoo wa mumewe ni mkubwa, wakijua mwana wao kanywa kwa mtu mweusi watamtoa nyumbani yeye na mwanawe. Nikaapa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilijua dhambi ya kuvunja kiapo, sikujua dhambi ya kukitunza.

Kwetu ziwa halifichwi. Mtu akinyonyesha mtoto wa mwenzake hutangaza uani na barazani, ili watoto wakikua wasije wakaoana. Mimi nilimficha hata marehemu babako. Nilijiambia, yule atakwenda Ulaya na huyu atabaki hapa, watakutana wapi?

Ni ndugu yako, Zahra. Sheria inataka mara tano za kushiba, yeye kashiba mamia. Ni haramu kwako kama vile ametoka tumboni mwangu. Muulize Sheikh Msabaha.

Nilikuomba jina la mamake ili niwaombee. Laiti ningeling'ang'ania tangu mara ya kwanza! Nimekuharibia kitu pekee ulichowahi kukiomba. Nipige, nitukane, lakini usiolewe.

Mama


Kilburn
26 Agosti 1999

Mama,

Barua yako ya tarehe 15 nimeipata jana. Abiria wako alilala Maskati wiki nzima. Ile yangu ya Jumatatu ikifika, ichome usiisome.

Nilimsomea Sheikh Msabaha. Akaniomba nirudie, kisha akavua miwani akasema hakuna ndoa. Hakuwa na ukali, ningependa angekuwa nao.

Hassan nilimweleza mbele ya kituo cha treni, watu wanapita. Alinitazama kama niliyemtukana. Akasema, "Lakini hatuna damu moja." Nikamwambia, sisi hatuhesabu damu peke yake. Akashika nguzo. Tukaenda pamoja kwa mamake, akamwinamia akamuuliza nani alimnyonyesha. Akili ya yule kibibi imehama mwaka wa tatu, mama, jana ikarudi kwa dakika moja. Alinitazama mimi, akamvuta mwanawe sikio akamnong'oneza, "Usimwambie baba yako."

Babake amekufa miaka thelathini.

Kumbe ule wimbo anaulilia kwa kuwa aliusikia kwako, mlango umefungwa, mwanawe yuko kwenye ziwa lako.

Pilau la kesho watalila wenzangu. Sijui nikuchukie au nikuonee huruma, na yote mawili yamo. Usiniandikie kwanza.

Zahra


London
21 Novemba 1999

Kwa Bibi Suad,

Salamu nyingi sana. Ninaandika kwa herufi za Kilatini kwa sababu sijui zile zako. Mwalimu wangu hajasahihisha barua hii. Sikutaka aisome.

Wiki mbili hizi nimeondolewa katika Baraza pamoja na malodi wengine mamia. Nilirudisha kadi yangu mlangoni na mlinzi akaniambia pole. Ukoo wangu ulikaa humo miaka mia mbili. Nilitegemea kuumia, lakini maumivu yangu yote niliyatumia mwezi wa Agosti.

Nyumbani nina kitabu kikubwa chekundu chenye majina ya koo zote za malodi. Mimi nimo: mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, hadi mwaka 1790. Nilikisoma tena. Kila mtu aliyenipa cheo ameandikwa. Mtu aliyenipa uhai hakuandikwa. Nilishtuka kwamba sikuwahi kuona nafasi hiyo tupu.

Zahra hakusema na mimi kwa karibu miezi mitatu. Jumapili iliyopita aliingia chumbani kumwogesha mama. Alivua mtandio wake mbele yangu akautundika mlangoni. Mimi nikageuka haraka nikatazama ukuta. Akasema, "Geuka. Kwa ndugu hakuna stara hiyo." Ndipo nilipolia, na yeye akalia, na mama akatuomba chai.

Nina swali moja. Nikuite nani?

Wako mtiifu,
Tarnmere


Kikwajuni
9 Januari 2000

Hassan mwanangu,

Hizi herufi za Kizungu nimejifunza ukubwani. Zimepinda kama mimi, usinicheke.

Unauliza uniite nani. Zamani hukuuliza, ukilia tu naja. Niite mama.

Mwambie Cecily kiapo nimekivunja, anisamehe. Na mimi nimemsamehe. Akiwa hasikii mwambie vile vile.

Zahra ameniletea barua Idi hii, ya kurasa mbili, nzima ni ya matusi na mapenzi. Nimeiweka chini ya mto. Yeye hawezi kuja mpaka wakubwa wa huko wamtolee pasi. Wewe hushikiliwi na mtu, wala Baraza huna tena. Njoo. Mimi sina mwana wa kiume, na kaka zangu wote wametangulia. Njoo nikuone umekuwa mtu gani.

Na hilo koti lenye tundu la kiwiko lilete nilishone.

Mamako,
Suad


Kikwajuni
10 Juni 2002

Dada Zahra,

Habari ulizipata kwa simu, lakini kwenye simu mimi na wewe tulilia tu. Sasa nakuandikia yote, kwa kuwa wewe ulipaswa kuwa hapa na pasi yako bado iko kwao.

Dawa ya presha uliyonipa niliileta, mama akaimeza wiki tatu akilalamika kuwa ni chungu. Hii ilikuwa safari yangu ya tatu na amenipokea kama zile mbili za mwanzo. Alinishika taya, akanigeuza huku na huku, akamwambia Bi Hayat, "Ona, bado kichwa kikubwa." Alhamisi alfajiri alisali, akalala upande wa kulia, na hakuamka. Uso wake haukuwa na shida yoyote. Nakuapia.

Tulimzika siku ile ile, Mwanakwerekwe. Watu wengi sana. Kaburini Ami Vuai akauliza nani maharimu wake, jamaa aliyeharamishwa kumuoa, wa kumpokea. Yeye mwenyewe si maharimu, ni shemegi. Watu wakatazamana. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimevaa kanzu ya kuazima. Ami akaniita, "Hassan, teremka." Mzee mmoja akashtuka akasema, "Huyu Mzungu?" Ami akamjibu, "Huyu kanyonya." Mzee akanipisha, akanishika mkono nisiteleze.

Alikuwa mwepesi, Zahra. Nilimpokea mikononi na vijana wawili wakanisaidia miguuni. Mchanga ulikuwa wa baridi. Nilimlaza kama walivyonielekeza, nikafungua fundo la sanda, nikamgeuza uso kibla. Sikujua dua ndefu. Nikamuimbia kidogo ule wimbo, kwa sauti ya chini, na kama si halali Mungu atanisamehe. Nilivaa koti lile juu ya kanzu. Kiwiko alikishona mwaka juzi, kwa uzi mwekundu, akasema ni ili nisiupoteze tena mkono wangu.

Jana imesomwa hitima. Mwalimu alipita kwa wafiwa na karatasi yake, akiandika watakaoombewa, kila mtu jina lake na la mamake. Akafika kwangu. Unajua nina majina mengi, na kitabu chekundu kina mistari kumi na mmoja juu yangu. Akauliza, "Wewe nani wa nani?"

Nikamwambia, "Hassan wa Suad."

Hakuinua hata kichwa. Aliandika, akaenda kwa mtu wa pili.

Nduguyo,
Hassan